Uso wa Shangazi

Shangazi wa mtoto hakuacha hata siku moja kuonja chakula chake kabla mtoto mwenyewe hajakigusa, na kila alichoonja alikikunjia uso kama aliyemeza dawa ya minyoo. Tangu mama mtu aondoe ngano na maziwa nyumbani, aone kama tumbo la mwanawe mwenye usonji litatulia, salamu ya shangazi ilikuwa moja: "Wifi, leo tunakula sementi gani?" Vidole vyake vinene vya mshona magodoro viliugonga mkate wa unga wa mchele kana kwamba vinapiga hodi. Tangu jana mtoto alikuwa amekunywa maji tu, na mama alishachoka kubembeleza.

Asubuhi hiyo mtoto, ambaye hamtazami mtu usoni, alimega kipande, akakitia kinywani mwa shangazi yake, akamkodolea macho. Uso ukakunjika. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini, akamega kingine, akala mwenyewe, kisha akampa shangazi zamu yake. Mama alisimama na kisu mkononi, machozi yanamlenga.

"Utalia baadaye, wifi," shangazi akasema, mdomo umejaa. "Kata mwingine. Huyu bwana hajashiba, na mimi bado sijatapika."