Pua ya Bibi na Waya wa Ngazini

Mimi sina subira, na ujanani ndio sikuwa nayo kabisa. Mama yangu alikwenda kuniposea nyumba moja ya Shangani, akarudi na jibu la bibi wa nyumba ile: "Kazi ya mwanao ni kuingiza moto katika nyumba za watu. Mjukuu wangu simtoi kwa mtu wa moto." Nilikasirika hata chakula cha mchana sikula. Mimi fundi wa umeme bwana, si mchoma mkaa.

Wajukuu wa kike walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa anaolewa mwezi ule, na mdogo ndiye niliyekuwa nikimtaka. Bahati ikanijia: baba yao alitaka taa za umeme kwa harusi, kazi akapewa fundi wangu mkuu, Mgoa mmoja mpole, naye akanichukua mimi. Bibi alikubali shingo upande, kwa sharti lake. Kwanza nimweleze kilichomo ndani ya waya. Halafu kikiungua kitu chochote, hata uzi wa pazia, tung'oe kila kitu, na mama yangu asije tena kupiga hodi kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, niambie. Kinachopita humo ni moto au ni shetani?"

Fundi mkuu alikuwa amenieleza alivyosoma gazetini, kwamba ndani ya shaba mmejaa chembe ndogo mno zisizoonekana, na zinaweza kusogea. Siku hizi wajukuu zangu wanaziita elektroni. Nikatazama nje. Barazani walikuwa wamekaa wanywa kahawa sita, wamebanana bega kwa bega. Nikamwambia Bibi achungulie mlangoni. Nikaenda nikajipachika mwanzo wa baraza, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Wa mwisho, jirani mmoja mnene, akaporomoka mpaka chini, kikombe mkononi. Nikatukanwa mimi na ukoo wangu. Nyuma ya mlango Bibi anacheka mpaka anakohoa, na juu ghorofani kuna mtu mwengine anacheka kwa sauti nyembamba. Ile sauti ya ghorofani ndiyo iliyonimaliza.

"Umeona, Bibi? Kila mmoja kasogea kidogo tu, lakini wa mwisho kaanguka papo hapo. Na waya ndivyo ulivyo. Mtambo unasukuma kule, taa inawaka huku, na hakuna chembe iliyokimbia kutoka mtamboni mpaka kwako."

"Na nyaya mbili za nini?"

"Wa pili ni wa kurudia. Aliyeanguka azunguke, akae tena mwanzo wa baraza. Vyenginevyo baraza litakwisha watu."

"Na moto unatoka wapi?"

"Kwenye jiwe la baraza. Jiwe ndiyo shaba yenyewe, halihami. Watu wakijisugua juu yake linapata joto. Pakiwa papana wanapita taratibu, na joto ni dogo. Ndani ya glopu ya taa waya ni mwembamba kama unywele. Humo wanabanana, wanagongana na jiwe, linapata moto mpaka linang'aa."

Bibi akachungulia tena barazani. "Na akikaa mnene katikati, hataki kupisha?"

"Hapo patachemka," nikasema. "Lakini katika kazi yangu mimi hawakai wanene."

Laiti ningenyamaza.

Nyumba ya harusi lazima ipakwe chokaa, na wapaka chokaa walikuwa ngazini siku ileile niliyokuwa nikiunga nyaya pale. Fundi mkuu alikuwa ameniusia kwamba kila ncha ikwanguliwe kwa kisu mpaka shaba ionekane nyekundu, ndipo isokotwe. Basi nimeshika kisu, nikakisikia tena kile kicheko cha ghorofani. Nikasahau kisu na wasia wake. Nikasokota nyaya zilivyo, na chokaa iliyozirukia, nikazungushia mpira, nikaenda zangu.

Jioni ya harusi nyumba ilijaa wanawake, udi unafukizwa kila chumba. Mimi na fundi mkuu tulikaa ukumbini, chini ya ngazi. Iliposaliwa magharibi, mtambo wa mji ukawashwa na taa zikawaka zote kwa pamoja. Vigelegele vikapigwa, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa nshamwona mama yangu anavaa buibui kwenda kuposa tena.

Bibi akatokea. Hakunitazama mimi, kainua pua. Mwanamke yule alikuwa akichanganya udi na buhuri tangu usichana wake.

"Huu si udi," akasema. Akapanda vidato viwili vya ngazi, akaweka kiganja kwenye waya, akakiondoa haraka. "Mnene wako kakaa hapa."

Fundi mkuu akazima taa za nyumba nzima. Kwa mwanga wa kandili nikabandua mpira, umelainika na unanuka. Ndani yake shaba ilikuwa nyeupe kwa chokaa. Juu wanawake wananung'unika, na baba wa biharusi kanikazia macho. Ningeweza kuwasingizia wapaka chokaa, na maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini Bibi alikuwa ananitazama, nikashindwa.

"Ni mimi, Bibi. Sikukwangua. Nilikuwa nasikiliza mtu anacheka."

Nikajua yamekwisha. Nyaya zitang'olewa, na mama yangu mlango ule hataugonga tena. Nilitaka kulia, na sioni haya kusema.

"Nnajua," Bibi akasema. "Nilikuona siku ile, umeduwaa na kisu chako. Nilikuwa nangoja tu nione utamtupia nani lawama." Akanigeuzia mgongo, akaanza kupanda ngazi. "Haya, kwangua. Na harusi ya pili ya nyumba hii nisije nikanusa kitu."

Nikasimama nahesabu. Mkubwa ndiye aliyekuwa anaolewa, na aliyebaki alikuwa mmoja tu. Juu ghorofani, gizani, mtu akacheka. Nikaduwaa tena na kisu changu, hata fundi mkuu akaninyang'anya, akakwangua yeye.