Kuku wa Shangazi na Bajia za Uhindini

Treni ya kutoka Tabora ilitushusha Dar es Salaam asubuhi, na hata hatujatoka stesheni mke wangu alikwisha kuniuliza bahari iko upande gani.

Nilikuwa karani kijana wa reli, enzi za Mwingereza, na nilikuwa nimeoa huko huko bara bila shangazi yangu kuwapo. Shangazi ndiye aliyenilea, katika nyumba ya makuti mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo. Habari za harusi yangu alizipata kwa barua, na shughuli imekwisha. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: mlete nimwone. Mimi safari ile ya siku mbili niliiita matembezi. Mke wangu alijua kwamba anakwenda kupokewa au kukataliwa, na usiku kucha kwenye treni hakulala.

Shangazi alitukuta mlangoni.

"Shikamoo, shangazi," mke wangu alisema, amepiga goti.

"Marahaba. Inuka nikuone. Kumbe mfupi! Barua haikusema." Akanigeukia. "Na wewe ulihofu nini kunialika? Ningekuja hata kwenye behewa la mizigo, nimekalia makaa ya mawe."

Uani kulikuwa na jogoo mwekundu chini ya tenga. Shangazi alilipiga tenga kwa mguu. "Huyu namnenepesha tangu barua ilipofika. Nendeni mkatembee, nanyi mrudi adhuhuri. Leo mkeo atakula chakula changu. Kesho utampeleka Magogoni, mpande mashua mvuke Kigamboni, bahari aione vizuri."

Kwetu, bibi harusi akila akashiba ndani ya nyumba, nyumba imempokea. Akikiacha chakula, ameikataa nyumba na aliyepika. Nililijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo siwezi kusingizia ugeni.

Lakini nilikuwa na majivuno. Nilitaka mke wangu aone kwamba mji ule ni wangu. Sokoni nilimnunulia kipande cha nanasi, kisha mishikaki kwa mzee aliyekuwa akipepea makaa kwa kipepeo cha ukili. Tukakata Mnazi Mmoja mpaka Uhindini, ambako maduka yalikuwa wazi mbele kama sanduku lisilo na kifuniko, na kila mlango ulikuwa na harufu yake: bizari, ubani, nguo mpya, mafuta ya kukaangia. Alisimama muda mrefu mbele ya fundi aliyekuwa akimimina uji wa ngano ndani ya mafuta kwa kuzungusha mkono, na zikatoka pete za rangi ya chungwa zinazovuja shira.

"Bwana, shangazi anapika," alisema.

"Onja tu."

Alionja. Kisha tukaonja sambusa, na bajia za moto zilizofungwa katika karatasi, na sharubati ya kuteremshia. Kila aliposema basi, mimi nilikuwa nimeshaagiza. Nilimpenda alivyokula, akifunika mdomo kwa ncha ya kanga, macho yakicheka. Ningemlisha mji mzima.

Tuliporudi, sinia ilikuwa mkekani: wali wa nazi, na juu yake jogoo mzima aliyechomwa akapakwa tui zito la ndimu na pilipili. Shangazi alimkatia paja, akamwekea upande wake. Mke wangu alikula tonge moja, la pili, la tatu. La nne lilibaki mkononi. Nikamwona shangazi ameacha kutafuna.

"Si chakula, shangazi," nilidakia. "Hajisikii vizuri tangu kwenye treni."

"Mgonjwa? Nawe ukamzungusha juani! Huna haya, wewe?"

Sinia ikaondolewa. Mke wangu akalazwa kitanda cha shangazi, akaletewa kikombe cha mwarobaini uliopondwa, akanywa wote huku akinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Sijasahau jicho lile.

Asubuhi nilisema amepona. "Mgonjwa haendi baharini," shangazi alisema, akafunga mlango wa chumba. Nikatoka peke yangu. Nilifika Magogoni, nikatazama mashua ikijaza watu na kuku na vikapu, ikaondoka, nyingine ikaja. Sikuwa na uso wa kupanda. Niliporudi nyumbani nilisikia vicheko kutoka chumbani. Nilipoingia vikakatika, mgonjwa akajivutia shuka mpaka kidevuni.

Jioni ile ile shangazi alitusindikiza stesheni. Alimkumbatia mke wangu muda mrefu kuliko alivyonikumbatia mimi, akampa kikapu kupitia dirishani. "Akipona, ale," aliniambia, uso mkavu.

Treni ilipokwisha kushika mwendo tulikifungua. Ndani mlikuwa na kuku mwingine wa kuchoma na mkate wa kumimina. Juu kabisa palikuwa na bajia katika karatasi, za duka lile lile la Uhindini.

Mke wangu alicheka mpaka abiria wakageuka. "Nilimwambia, bwana. Leo asubuhi, ulipotoka tu. Alikuwa ananifunika miguu, nikashindwa kuficha."



"Akasema nini?"

"Alijua tangu tulipoingia jana adhuhuri. Kanga yangu ilikuwa inanuka mishikaki. Akasema, 'Mwanangu huyo anaona afadhali akufanye mgonjwa kuliko kusema mmeshiba.' Kisha tukala kiporo, mimi na yeye, sinia nzima. Akaniambia nilale tu, ili wewe ukome, akamtuma mtoto wa jirani bajia Uhindini."

"Kwa hiyo ungeweza kwenda Kigamboni."

"Ningeweza. Lakini ndiyo kwanza alikuwa ananieleza jinsi ya kumpaka kuku. Ningeondokaje?"

"Tutavuka mwakani," nilisema, na nilikuwa nakusudia kweli.

Mwakani nilihamishiwa Kigoma. Kisha wakaja watoto, kisha uhamisho mwingine, na tuliporudi Dar es Salaam ilikuwa kumzika shangazi, siku isiyo ya kupanda mashua. Mke wangu hakuvuka. Maisha yake yote alipika kuku yule kama alivyofundishwa, na tui lilipoanza kunukia juu ya makaa alikuwa akiniuliza, bila hasira, mashua ya Kigamboni inaondoka saa ngapi. Nami nilikuwa nikicheka, badala ya kumkatia tikiti.