Kijiji cha Msichana wa Dirishani

Sijawahi kufika Uingereza, lakini kuna kijiji kimoja cha huko ninachokijua kuliko ninavyoijua mitaa ya Al Wukair, kwenye nchi ya Kiarabu tunakoishi. Kina barabara moja, kanisa moja lenye mnara mfupi, na kijito kinachopitisha maji wakati wa baridi tu. Najua hata kwa nini nyumba zake zimejipanga upande mmoja wa barabara: upande wa pili ni wa chini, na kijito kikijaa kinaingia jikoni kwa watu. Haya yote niliyajua kwa hasira. Nasema hivyo kwa sababu hili ni daftari langu, sina wa kumficha.

Kijiji ni cha msichana wa darasani kwetu. Yeye hukaa dirishani, mimi hukaa nyuma, karibu na mlango. Baba yake ana ofisi West Bay, juu kabisa kwenye zile ghorofa za vioo. Mama yangu ni nesi. Kwa miaka miwili tuliyosoma pamoja nadhani nilikuwa nimemwambia yule msichana maneno kumi, na sita kati yake yalikuwa "samahani."

Muhula uliopita mwalimu wa jiografia alisema kila mtu achague mahali padogo anapopajua, aeleze ardhi yake na historia yake. Kazi zitakazopendeza zitabandikwa ukutani siku ya wazazi. Niliutaka ukuta ule kuliko kitu chochote. Darasani mimi siongei, hata nikiulizwa swali. Lakini kuchora najua, na mama hajawahi kuja shuleni akakuta kitu changu kimebandikwa popote.

Nikachora kijiji cha nyanya yangu, kule milimani Kenya. Jioni tatu nzima nyanya alinielekeza kwa simu. "Hapo umepita, rudi chini kidogo. Sasa pana masale." Masale ni ile mimea ya majani marefu inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Hakuna anayeing'oa. Nilipokuwa na miaka saba nyanya alinizungusha mpaka wote, na kwenye kila sale alinifinya sikio hadi nikalia. Nikamuuliza kosa langu ni nini. Akasema, "Huna kosa. Ni ili usisahau."

Basi nilipoiweka ile ramani mezani kwa mwalimu, msichana wa dirishani akaja kuchungulia. Akatoa simu, akatafuta jina la mahali petu, na simu ikaonyesha rangi ya kijani tupu.

"Hakuna kitu hapa," akasema. "Hiki si kijiji, ni vichaka. Kijiji kina jina kwenye ramani."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, lakini alifanya kitu kibaya zaidi: alinihurumia. Akasema itakuwa vigumu kupata kumbukumbu zilizoandikwa, afadhali nishirikiane na mwenzangu, yeye ana vitabu na picha za kijiji chao. Msichana akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine.

"Sawa," akasema. "Mimi nitaongea. Wewe chora tu."

Wewe chora tu. Siku hiyo kwenye basi la shule niliyarudia maneno hayo kutoka shuleni Al Thumama mpaka nyumbani. Mama alinikuta nimekaa na sare bado.

"Wewe, umekula?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Sufuria haijaguswa. Nani amekukosea?"

"Hakuna."

"Haya. Huyo hakuna, mwachie Mungu."

Sikumwachia Mungu. Nilianza kukichimba kijiji chao usiku uleule.

Msichana wa dirishani alikuwa amenipa kitabu chembamba kilichoandikwa na watu wa kijiji chao, na picha moja aliyoipenda sana: shamba kubwa la kijani lililozungushiwa ua wa miti. Aliniambia ni shamba la babu yake, limekuwa lao tangu mwanzo wa kijiji, na ule ua waliupanda mababu wa babu yake. Nikamwitikia kwa kichwa. Kisha nikasoma kitabu chote, mpaka maandishi madogo ya mwisho, ambayo nina hakika yeye hakuwahi kuyafikia.

Nilijifunza kwamba chini ya kijiji kuna mwamba mweupe laini unaonyonya maji, ndiyo maana kijito hukauka kiangazi. Nilijifunza pia kusoma nyua. Ua wa zamani huenda ukipindapinda, unafuata mti, jiwe, kona ya mtu mkorofi aliyekataa kusogea. Ua ulionyooka kama rula ulipimwa na mtu aliyeshika karatasi. Nikaitazama tena ile picha. Ua wa babu yake ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari.

Nyuma ya kitabu palikuwa na ramani mbili. Kwenye ya zamani shamba lile halikuwepo. Palikuwa na malisho ya wote, kila mtu akipeleka ng'ombe na bata wake bila kumuomba mtu, na pembeni vijumba sita visivyo na jina. Kwenye ramani ya pili ua umeshapigwa, na vijumba vyote vimefutwa. Nilifurahi peke yangu kitandani, furaha mbaya, ya kung'ata mto.

Kitu kimoja tu kiliniharibia. Kitabu kilisema zamani wanakijiji walizunguka mipaka yao kila mwaka, na kwenye kila jiwe la mpaka mtoto aligongeshwa kichwa ili akumbuke. Nilifunga kitabu. Sikutaka nyanya yangu afanane na watu wa yule msichana.

Siku ya kusimama mbele ya darasa, yeye aliongea, mimi nikashika ramani. Nilikuwa nimechora mbili na nikamwonyesha moja. Aliongea vizuri, na nywele zake zilikuwa safi sana, jambo lililonikera bila sababu. Akafika kwenye picha. "Shamba hili limekuwa letu tangu mwanzo," akasema, "na ua huu ni wetu."

Nikainua ramani niliyomficha, ile ya zamani.

"Kabla ya ua," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto, "hapa palikuwa pa kila mtu. Ua umenyooka kwa sababu ni mgeni. Na hapa palikuwa na nyumba sita." Nikaweka kidole. "Hazina jina kwenye ramani. Je, hivyo vilikuwa vichaka?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Msichana alianza kuwa mwekundu shingoni, wekundu ukapanda hadi masikioni, nami nikausubiri ufike juu kabisa.

Baadaye alinifuata kwenye korido. "Babu ndiye aliyeniambia," akasema. "Sasa nitamwambia nini?" Sikujua amwambie nini, na sikujali. Nilijaribu kujali, nikashindwa.

Mwalimu aliniuliza kama bado ninayo ile ramani ya nyanya. Ninayo, nikasema, na kesho yake nikapewa pini na nafasi ukutani. Niliibandika katikati, juu ya picha ya ule ua, hivi kwamba atakayeangalia shamba la babu yake lazima kwanza apite kwetu.

Nilikuwa kwenye pini ya mwisho msichana alipokuja kusimama nyuma yangu. Aliponiuliza, sauti yake haikuwa na dharau, nakubali hilo.

"Lakini hamna ua, hamna mawe. Mipaka mnaijuaje?"

Ningeweza kumweleza masale. Ningeweza hata kumwambia kwamba kwao pia watoto waliumizwa ili wakumbuke mipaka, ni basi tu hakusoma mpaka mwisho. Badala yake nikageuka, nikamshika sikio, nikalifinya kwa vidole viwili kama alivyofanya nyanya, nikazungusha, hadi machozi yakamtoka.

"Hivi," nikasema.

Jioni hiyo, siku ya wazazi, mama alikuja na sare yake ya hospitali, akasimama mbele ya ukuta. Msichana wa dirishani alikuwa upande wa pili na wazazi wake, mkono wake ukiwa sikioni.