Treni ya Tilda na Meza ya Babu

Saa kumi na mbili asubuhi, katika karakana ya reli mjini Chemnitz, Roswitha Kunze amepiga magoti ndani ya behewa, anabandua ubani wa kutafuna ulioganda chini ya kiti. Ni mwaka wake wa kumi na tisa wa kusafisha treni.

"Treni kubwa nimezizoea," anasema. "Hii ndogo ndiyo inanichanganya kichwa."

Hiyo ndogo ni treni ya kuchezea, zawadi ya Krismasi ya mjukuu wake Tilda, mwenye miaka minne.

Mumewe Eberhard, dereva mstaafu wa basi, kila Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, hushusha darini treni yake ya kuchezea ya utotoni na kuipanga juu ya meza sebuleni. Wanawe walikua wakiitazama, mikono mgongoni. Mwaka jana Tilda alinyoosha kidole, akafokewa na babu hadi akatapika biskuti za mdalasini. Tangu hapo haingii sebuleni.

"Anakaa na mimi jikoni kama mgeni," anasema Roswitha, akisuuza brashi.

Akaamua kumnunulia treni ya kushikwa. Ndipo mkanganyiko ukaanza: ipi?

"Chukua kama yangu, ya kipimo cha mia na ishirini," Eberhard alimshauri. "Reli zitaungana."

"Ziungane ili na hiyo iwe yako?"

"Wewe mwanamke, nawe!"

Roswitha alidhani namba ikikua na treni inakua. Akaagiza ya mia na sitini. Kikaja kibehewa kama kidole gumba.

Manuela, mwenzake kazini, alicheka mpaka akakalia ndoo. "Shoga, namba ndiyo inayoigawa treni! Ukitaka kubwa, tafuta namba ndogo. Nunua ya themanini na saba, kila mtu anayo."

"Kila mtu si Tilda."

Alikirudisha dukani akiwa na glavu ya sufu ya Tilda mfukoni, apimie mabehewa kwenye mkono wa mtoto. Behewa moja likapotelea ndani ya glavu. Jingine likaponyoka. La tatu, nene kama mkate, likatulia kiganjani.

"Hilo ni la treni za kutandikwa bustanini, mama," muuzaji akamwonya.

"Sina bustani. Nina sakafu."

Jioni alitandika reli kwenye korido. Kona ya kwanza tu ikagonga ukuta. Treni hiyo inataka uwanja mpana. Akageuza vipande huku na huku, hata hajui kipi kinafuata kipi. Nafasi ilikuwa moja tu: sebuleni, pale ilipo meza.

"Mzee, meza isogee."

"Isogee wapi?"

"Sijui. Isogee kwanza."

Eberhard aliingia sebuleni. Baadaye kidogo alisikika akikohoa, akirudisha mabehewa yake kwenye boksi, moja moja.

Tilda anakuja Jumapili. Lazima atauliza kama anaruhusiwa kugusa, na Roswitha ameshaapa kwamba atakayejibu ni babu yake.

"Atasema nini, sijui," anasema, akinyoosha magoti. "Mimi nitakuwa jikoni. Natamani safari hii nikae huko peke yangu."