Mashine Nyembamba ya Newala

Siku yangu ya kwanza kazini sikushikishwa mashine. Nilishikishwa fyekeo.

Ilikuwa kwenye karakana ya misheni, upande wa Ndanda, nami nimevaa shati la kuazima ili nionekane fundi. Mkuu wa karakana, mzee wa Kimakua asiyependa maneno mengi, alinipeleka nyuma ya jengo ambako majani yalinifika kifuani, akasema, "Fyeka." Nikafyeka mpaka jua la utosini. Viganja vilichubuka, na upupu ukaniingia shingoni nikawa najikuna mbele za watu. Aliporudi akaniuliza, "Umekata nini?"

"Majani, baba."

"Hebu kaangalie tena."

Nikaenda kuangalia. Kulikuwa na nyasi laini, kulikuwa na magugu yenye mashina magumu, kulikuwa na machipukizi ya miti yaliyonenepa kama kidole gumba, na chini yake mawe na visiki. Yule mzee akaniambia kwamba mashine haijui inachokula, bali mtu aliye nyuma yake ndiye anayepaswa kujua, na kwamba asiyejua hilo atakuwa anazika visu kila wiki. Kesho yake ndipo akaniruhusu kugusa plagi.

Nawaeleza haya kwa sababu siku hizi mnanijia na picha kwenye simu, mnauliza, "Mzee, hii nzuri?" Nzuri kwa kukata nini? Mashine ya kusukuma ya bustani, yenye magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi, ni nzuri kwa uwanja wa kanisa. Ipeleke kwenye pori lenye urefu wa mtu, itayalaza majani chini badala ya kuyakata, kisha itabanwa na kuzima. Mashine ya pori huwa wazi kwa mbele ili majani marefu yaingie yakiwa yamesimama. Magurudumu yake ni makubwa na yana meno, nayo hujivuta yenyewe kwa gia, kwa maana hakuna binadamu wa kuisukuma kutwa nzima kwenye mchanga wa Newala. Haya mngeyajua kama mngekuwa mnauliza kabla ya kununua.

Kutoka Ndanda nilichukuliwa na idara ya barabara, kambi yetu ikiwa Nanganga. Kazi ilikuwa kusafisha kando za barabara. Nyapara wetu mkuu alikuwa mtu wa matusi, lakini ndiye aliyenifundisha habari ya kisu. Kuna kisu kilichokazwa kikawa kitu kimoja na ekseli. Kikigonga kisiki, pigo lote linakwenda kwenye injini. Na kuna kisu kinachoning'inia kwenye pini, kikigonga kinarudi nyuma na kuendelea na safari. Asubuhi moja nilitaka kuondoka na mashine ya kisu cha kukazwa kwenda kwenye vichaka. Akasimama mbele yangu. "Nenda nayo," alisema. "Ikifia huko, utamalizia kwa meno." Nikaibadilisha. Pale pia nilijifunza kusafisha chujio la hewa kila jioni, maana vumbi la kusini linaua injini kuliko umri.

Kisha nikapelekwa Newala, kwenye shamba kubwa la korosho, wakati huo likiwa la umma. Huko ndiko nilikooa, huko ndiko alikozaliwa Asumini wangu, na huko ndiko nilikochukizwa na kazi niliyoipenda.

Kwanza muijue desturi ya pale. Korosho haichumwi, huokotwa. Inaanguka na bibo lake, nawe unaipata ikiwa chini ya mti ni peupe. Bwana Shamba Mkuu wa zamani hakuwa na watu wa kutosha wa kupalilia, kwa hiyo alikubaliana na kina mama wa vijiji vya jirani. Kila mmoja alipewa safu, yaani nafasi iliyo kati ya mstari mmoja wa mikorosho na mwingine. Humo alipanda kunde na njugu mawe, na kwa kulima chakula chake akawa amelipalilia shamba. Wakati wa korosho kuanguka walifagia kwa matawi, wakakusanya takataka pembeni, chini kukawa peupe kama uani. Mpaka kati ya mama na mama ulikuwa kisiki kilichoachwa kirefu, cha kufika gotini, ili kila anayepita akione. Mke wangu, Mama Asumini, alikuwa na safu pale, na wenzake walimfanya msemaji wao. Nyumba nyingi zilikula kutoka kwenye safu hizo, na yangu ilikuwamo.

Sehemu ya nyuma ya shamba haikuwa na mtu. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka huko zamani, mikorosho ikaachwa, pori likaimeza.

Ndipo ikaja ile miaka ya soko huria. Tuliambiwa serikali imejitoa, shamba limepata mwenyewe. Mwenyewe hatukumwona kamwe. Tulimwona Meneja wake, kijana mtanashati kutoka Dar es Salaam, mwenye salamu nzuri na kauli laini. Alimwamkia kila mzee shikamoo, na sisi tukasema huyu kalelewa. Akaitisha mkutano, akasema pori la nyuma litafyekwa kwa mashine mpya.

Mama Asumini akasimama. "Na safu zetu, baba?"

"Mama yangu, mashine ni ya pori la nyuma," Meneja alimjibu. "Safu zenu hazitaguswa. Nyinyi ndio mmelilinda shamba hili."

Kina mama wakapiga vigelegele. Ahadi ni deni, husema watu, lakini sijaona mdaiwa mwenye usingizi mzito kama yule.

Akanichukua mpaka Mtwara kuchagua. "Fundi, chagua wewe," alisema. "Wewe ndiye utakayetembea nyuma yake." Niliona fahari, sikatai. Kwenye ghala la muuzaji nilikuta mashine mbili za pori. Zote zilikuwa na kisu cha kuning'inia, gia ya kurudi nyuma, na klachi ya mkononi ambayo ukiachia tu, kisu kinasimama. Hiyo klachi msiinunue mashine isiyokuwa nayo, labda kama mmechoka na miguu yenu. Tofauti ilikuwa upana. Moja ilikuwa pana, na muuzaji aliisifu kwamba ingemaliza kazi mapema. Nyingine ilikuwa nyembamba, mpini wake unaweza kushushwa.

Nilichagua nyembamba. Mkorosho si mnazi, matawi yake yanainama mpaka yanalala chini, na ukiuacha bila kuupogoa unashikana na jirani yake. Mashine pana ingekwama kwenye matawi, na kwenye visiki isingekuwa na njia ya kupita. Nyembamba ingepenya. Sikukosea. Mpaka leo nasema nilichagua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Ilipofika shambani, kina mama waliiita Bwana Harusi, kwa jinsi ilivyong'aa na watu walivyoizunguka. Nilifyeka pori la nyuma msimu mzima. Nilifyeka kwa kukata juu kwanza, kisha narudia chini, kwa sababu pori refu haliliwi kwa tonge moja. Mikorosho iliyofichika tangu nikiwa kijana ikaonekana tena. Siku moja Meneja alikuja kutazama. Nilikuwa nimeshusha mpini, napita chini ya tawi. Akachuchumaa, akaangalia jinsi mashine inavyoingia upande huu na kutokea upande ule bila kuvunja kitu.

"Kumbe inapita popote," alisema.

"Inapita, bwana."

Akatabasamu, nami nikatabasamu. Fadhila ya punda ni mateke, na mimi siku hiyo nilikuwa nacheka na punda.

Mvua za masika zilikuwa zinaelekea mwisho, kunde zimebeba lakini mbichi, njugu mawe bado ziko ardhini, aliponiita ofisini. Alisema kampuni haitaki mazao mchanganyiko. Alisema shamba la kisasa halina wakulima wawili. Nilipomkumbusha mkutano, alinijibu kwa upole uleule: "Fundi, wakati ule hatukuwa na uhakika kama mashine itaweza kupita huko. Wewe mwenyewe umetuonyesha."

Nikamwomba awasubiri kina mama wavune. Alisema wapalilie kwao. Waliokuwa wamelilinda shamba walikuwa wamegeuka wavamizi.

Asubuhi nilipeleka mashine mpaka kwenye kisiki cha kwanza. Kina mama walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye safu yake, na ya kwanza ilikuwa ya mke wangu. Hakulia, wala hakupiga kelele. Aliniangalia, akaangalia mashine.

"Baba Asumini, itapita hapa?"

"Itapita."

"Haitakwama popote?"

"Haitakwama."

"Basi umechagua vizuri," alisema, akainama, akaanza kuchuma kunde mbichi na kuzitia kwenye kanga.

Nikaachia klachi, nikazima injini, nikafunga bomba la petroli kama nilivyofundishwa, nikamwambia Meneja kwamba mimi hapo sipiti. Hakugomba. Alimwita dereva wa trekta, akampa mpini. Yule bwana hakujua kwenda taratibu, lakini mashine ilikuwa nzuri, ikamvumilia. Kunde zilikwenda, mashina ya njugu yakakatwa, na visiki vya mipaka vikang'olewa wiki ileile. Mimi nikaandikiwa kwamba nimepunguzwa kazini. Miaka ile neno hilo lilikuwa la kawaida kama salamu.

Mtasema Mungu si Athumani, na kwamba msimu wa korosho ulimwaibisha. Ni kweli, kidogo. Mashine ya pori hukata, haifagii. Majani yaliyokatwakatwa yalitanda chini ya mikorosho, korosho zikaangukia humo, zikapotelea humo, na mvua za kwanza zikazikuta humohumo. Meneja akatuma watu vijijini kuwaita kina mama waje kuokota na kufagia kwa kibarua. Natamani ningewaambia kwamba walikataa. Walikwenda. Nyumbani hakukuwa na kunde mwaka ule, na mtoto haelezwi habari ya heshima akiwa na njaa. Mke wangu alifagia safu yake mwenyewe kwa ujira wa kutwa, na jioni akapita sokoni kununua kunde za watu wengine.

Baadaye tulihamia Masasi. Nilitengeneza mashine za watu, nikafyeka viwanja vya shule na makaburi, nikazeeka. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala hotuba ya kuniaga. Nasikia Meneja alipandishwa cheo akapelekwa shamba jingine, na mashine ile ilifanya kazi miaka mingi sana. Nilitamani ife mapema. Haikufa, na aliyeichagua ni mimi.

Hasira yangu si ya mashine, mnielewe. Jembe nalo liliwahi kuwa geni. Hasira yangu ni kwamba ujuzi wangu wote, tangu fyekeo la Ndanda mpaka matusi ya Nanganga, mtu aliuchukua akautumia kama ufunguo wa kuingilia nyumbani kwangu, kisha akanishukuru kwa adabu.

Juzi alikuja mwalimu mmoja kijana mwenye shamba la korosho Lupaso. Aliniamkia vizuri, akakaa, akaniambia anataka mashine ya kutembea nyuma yake, kwa sababu nyasi zimemshinda. Nikamuuliza maswali yangu: zimefika wapi kwa urefu, chini kuna visiki au mawe, nani atakayeiendesha. Akajibu yote. Nikamweleza habari ya kisu cha kuning'inia, magurudumu yenye meno, klachi ya mkononi na chujio la hewa.

"Na upana, mzee?" aliuliza. "Nichukue ipi?"

"Kati ya mikorosho yako kuna mtu analima?" nilimuuliza.

"Wapo kina mama wachache. Wamepanda kunde."

Mama Asumini alikuwa jikoni, anapepeta mchele, na ungo ukaacha kulia.

"Mwambie anunue pana," alisema.