Vibao Viwili vya Madamu Lin

Nilipokuwa na miaka kumi, mwaka 2015, kanisani kwetu Yeoville, mtaa wa wahamiaji kama sisi, tulikatazwa hata kusoma nyota gazetini. Mama, fundi cherehani, aliafiki kabisa. Ramli kwake ilikuwa ushetani, basi. Ndiyo maana mpaka leo nashangaa ilikuwaje siku ile.

Tulimpelekea Madamu Lin aproni za mgahawa wake Cyrildene, mtaa wa Wachina, mwendo mfupi ukishapita kitongoji cha Observatory. Tulimkuta mbele ya madhabahu ndogo yenye machungwa na udi, akidondosha sakafuni vibao viwili vyekundu vya umbo la korosho, kila kimoja upande mmoja bapa na wa pili umevimba. Alikuwa akimuuliza mungu wake kama apanue mgahawa. Alinieleza, nami nikamtafsiria Mama, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kupatana bei tu. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine kikifunuka, ndiyo. Vyote vikiinua migongo, hapana. Hapo simu ikalia, Madamu Lin akaipokea.

Mama akaniambia niulize kama na wageni hujibiwa.

Baba alikuwa amekwenda kwao Bukavu kumzika babu, na zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Simu yake haikupatikana. Wajomba walioko huko walipopigiwa walizungumzia mvua tu. Nabii wetu kila Jumapili alimwambia Mama mume wake yu njiani.

Madamu Lin, simu bado sikioni, akaitikia kwa kichwa na kumpa vibao; Mama akapiga magoti, akauliza kama Baba atarudi, akavidondosha. Vyote vikafunuka, ubapa juu. Kanisani kwetu anayepokea baraka hufungua viganja hivyo hivyo, basi Mama akainua mikono mbele ya sanamu ya Kichina na kusema, "Asante, Yesu." Ningecheka kama nisingeona machozi yake.

Madamu Lin akaweka simu, akatikisa kichwa taratibu. Akaniambia alama hiyo ni kicheko: mungu amecheka, hajibu, kwa sababu muulizaji jibu analo. Nilitamani sana Mama abaki na furaha yake. Lakini nilishazoea kumtafsiria kwa daktari na kwa mwenye nyumba, na huko sikupunguza neno.

"Anasema unajua tayari, Mama."

Aliruhusiwa kurudia, akakataa. Tukatoka. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawaka ya kijani, naye hakuvuka.

"Baba yenu hatarudi," akasema. "Ameoa kule. Niko najua tangu Noeli."

Nililia mimi. Yeye alinishika mkono tu, tukangoja kijani nyingine.

Sikuwahi kuviamini vile vibao. Vipande vya mti vingejuaje habari za Bukavu? Lakini nabii alikuwa na jibu kila wiki, na majibu yake yalimweka Mama palepale. Wachina, angalau, wana alama ya kukataa kujibu, na nadhani Mama alihitaji kukataliwa.

Jioni hiyo alipika ugali na sombe, majani ya muhogo, akajipakulia, akala nasi watoto. Ilikuwa Jumatano, siku aliyokuwa akifunga ili Baba arudi.