Maji ya Kufuturia

Mwaka ule boti zilikuwa zikishusha watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa kila siku, na malori yakiwabeba kuwapeleka kambini. Malori hayakubeba mbwa. Mbwa walibaki ufukweni, wakakonda, kisha wakaanza kupanda mitaani Ujiji mchana kweupe, vichwa chini. Watu walisema ni mbwa wa wakimbizi. Sijui walijuaje, maana mbwa hana kitambulisho, na Ujiji ilikuwa na mbwa wake wa jalalani tangu zamani. Ila mtu mwenye hofu hutafuta wa kumtwisha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia niliyehamishiwa huko kutoka Iringa, Mkristo niliyepanga chumba katika nyumba ya Waislamu mtaa wa Rusimbi. Mwenye nyumba wangu aliuza mawese barazani, na alikuwa mtu wa maswali. Nilipochora ubongo kwenye karatasi ya manila kwa ajili ya darasa na kuianika barazani wino ukauke, alinikalisha nimweleze kila rangi. Nikamwambia hapa mbele ndipo unapoamua na kupanga, hapa ubavuni unasikia na kuelewa maneno, kisogoni unaona, na hiki kidogo cha nyuma kinakuweka wima usipepesuke. Na hapa chini kabisa, shingo inapoanzia, ndipo panapoendesha pumzi, moyo na kumeza.

"Na hapo naamuru mimi?"

"Hapana, Mzee. Hapo huamuru. Panajiendesha."

Nikamwambia hata uti wa mgongo una yake yasiyongoja amri, nikampiga chini ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu ukaruka. Alicheka mpaka mteja akageuka. "Kumbe nina mpangaji mwingine humu ndani," akasema, "naye hata shikamoo hanipi!"

Ilikuwa bado kitambo kabla ya Ramadhani kuingia, mbwa mmoja akamng'ata Mzee mkononi alipokuwa akimfukuza kwenye madumu yake. Kidonda chenyewe kidogo tu. Alikiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka aondoe najisi ya mbwa, akajifuta, akaona yamekwisha. Nilimwambia kuosha ni vizuri, lakini kuna kichaa cha mbwa. Kinapanda polepole ndani ya neva mpaka kichwani, na kikishafika huko hakina dawa. Sindano ndiyo inayokizuia njiani. Akaenda hospitali, akakuta foleni ya wakimbizi, watoto wamelala sakafuni, akageuza.

"Mwalimu, wale wana shida kuliko mimi. Mimi nimeshatoharika."

Nilimrudia tena na tena, na mkewe naye hakunyamaza, mpaka akatukasirikia sote wawili. Kidonda kikapona. Lilibaki kovu safi, na kovu safi linamshinda mwalimu yeyote.

Ramadhani iliingia na joto. Siku moja nikamwona anakuna lile kovu. Baadaye akawa anakuna mpaka begani, akilalamika kwamba mkono unamwasha kwa ndani, huko kucha zisikofika. Nikamsihi twende hospitali siku ileile, akasema sindano itamvunjia saumu, angoje Idi. Jioni akausukuma uji wa futari, akidai koo linauma. Kesho yake alishinda barazani anatema mate, na mtaa mzima ukamsifu. Walisema mzee safari hii anafunga kweli, hata mate hamezi.

Mkewe hakusifu. Yeye aliliona bakuli linarudi limejaa. "Mwalimu, nimemkosea nini?" akaniuliza uani. "Tangu anioe hajawahi kukataa uji wangu."

Jioni hiyo nilikaa nao mkekani, kama walivyonizoesha. Adhana ya magharibi ikalia. Alishika tende, akairudisha. Akashika kikombe cha maji, nami nikawa namtazama koo. Kabla maji hayajagusa mdomo, koo lilikaza, shingo ikavutika, kikombe kikamtoka na maji yakatapakaa mkekani. Akautazama mkono wake kwa mshangao uleule wa siku ya goti. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mkewe alidhani ni joto, akachukua kipepeo ampepee. Upepo ulipomgusa usoni, koo likakaza tena. "Acha!" akafoka, mtu ambaye sijapata kumsikia akimfokea mkewe. Niliogopa vibaya sana. Katika zile jozi kumi na mbili za neva za kichwani, nilizijua zinazohusika na kumeza, nilikuwa nimezifundisha muhula uleule. Nilijua pa kuweka kidole kwenye mchoro, basi, elimu yangu iliishia hapo.

Tulimpeleka hospitali, na daktari akauliza habari za mbwa, kisha akaagiza maji kwenye glasi. Hakumwambia anywe. Alimwonyesha tu, koo likakaza, ikatosha. Akatutaka wote wa nyumba ile tuchomwe sindano, kisha akanivuta mlangoni na kuniambia mzee hafiki Idi. Walimpa chumba cha peke yake. Dirisha lake lilitazama ziwa, na muuguzi akalifunga pazia haraka, maana ziwa lote lilikuwa pale, linang'aa. Mtu mwenyewe mzaliwa wa Ujiji, alijua kuogelea kabla hajajua alifu ya chuoni.

Nilikuwa nikidhani mwenye kichaa cha mbwa huwa kichaa, basi hajui linalompata. Mwenye nyumba wangu alijua. Kati ya mshtuko mmoja na mwingine alikuwa na akili zake zote. Aliniuliza nani anauza mawese. Aliona aibu kwa mate yaliyokuwa yakimtoka. Na kiu alikuwa nayo, alinieleza ilivyo, nami sikuweza kumtazama.

"Mwalimu, ile karatasi yako. Nimeharibika wapi?"

Nikagusa shingo yangu kwa nyuma, pale inapoanzia.

"Na huku mbele?"

"Mbele kuko salama, Mzee."

Akajigusa paji la uso. "Bora kungetangulia kuharibika huko."

Mshtuko mwingine ukaja, ukampitia. Kisha akasema, "Mama watoto mwambie uji wake sikuukataa. Niliutaka. Ni yule mpangaji."

Nilirudi Rusimbi kwa miguu. Nilimkuta mkewe jikoni anakoroga uji, safari hii mwepesi kabisa, ampelekee. Nikamfikishia maneno kama nilivyopewa, na ya daktari nikashindwa kuyatamka. Hakuacha kukoroga.

"Kumbe aliutaka," akasema. "Basi nizidishe sukari?"

Nikamwambia azidishe.